Jibu kwa mleta uzi: tulivyoanza kupigana vita ya Longido kwenye meza ya seremala

Mkuu mleta uzi, umeuliza mawili: kama huku kaskazini wapo watu wazima wanaocheza vita vya kihistoria mezani kwa askari wadogo, na mtu asiye na uwezo wa kuagiza vifaa Ulaya aanzie wapi. La kwanza ni jepesi. Tupo. Sisi ni wanne, tuko Moshi, tunakutana Jumapili baada ya ibada kwenye karakana ya mwenzetu mmoja seremala kule Pasua. La pili nitalijibu kwa kirefu maana tulianza vibaya, na aliyeharibu ni mimi.

Kwa mpita njia asiyejua tunaongelea nini: fikiria drafti, ila ubao ni mfano wa nchi yenyewe, una vilima na vichaka, na kete ni askari waliopakwa rangi. Hakuna viboksi, mwendo unapimwa kwa futikamba. Risasi zinaamuliwa na dadu. Kwetu dadu ikiangukia 5 au 6 risasi imepata, kwa hiyo ukirusha dadu 12 tegemea nne zipate, na siku ya mkosi isipate hata moja. Mnachagua pambano lililotokea kweli, mnapanga vikosi kama vilivyokuwa, halafu kila mmoja anajiona jenerali mpaka dadu zianze kuongea.

Sasa kosa langu. Nilianza kwa kununua askari. Ndugu yangu mmoja alikuwa anarudi kutoka Uingereza, nikamwagiza maboksi mawili ya askari wa plastiki wa vita ya Waterloo kule Ubelgiji, Wafaransa na Waingereza wa mwaka 1815, kipimo cha 1/72, yaani mtu wa mita 1.75 anabaki na urefu wa milimita 24 hivi. Miezi minne nzima napaka vifungo vya makoti kwa ncha ya kijiti cha meno. Siku ilipofika nikawaita jamaa, nikawaeleza Napoleon, mkuu wa Wafaransa, yuko wapi na Wellington, mkuu wa Waingereza, yuko wapi. Shemeji yangu akaitazama meza muda mrefu, akauliza: "Sasa mimi hapa ni nani?" Sikuwa na jibu. Baada ya saa moja mmoja alikuwa kwenye simu, mwingine kakumbuka ana mgonjwa wa kumjulia hali hospitali ya KCMC.

Aliyetuokoa ni Mwalimu, mstaafu wa somo la historia. Alisema tumwache Mbelgiji na mashamba yake, vita ipo hapo barabara ya Namanga. Novemba 3, 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, nchi hii ikiwa koloni la Wajerumani, siku zilezile Waingereza walipokuwa wanapigania Tanga, kikosi chao kingine cha Wapunjabi (askari wa Kihindi) wapatao 1,500 kilitokea upande wa Kenya na kupanda mlima Longido usiku ili kiwavamie Wajerumani alfajiri. Kule juu walikuwapo askari Waafrika kama 600 na Wajerumani 86 chini ya Meja Kraut. Kulipokucha Wapunjabi wakajikuta katikati ya risasi za pande mbili. Walipigana kiume, waliposhambuliwa walisimama, lakini mchana kutwa hawakupiga hatua. Giza lilipoingia wakateremka na kurudi walikotoka. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye atachukua wale 600.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie, mkuu: pambano dogo ambalo uwanja wake unaweza kwenda kuukanyaga kwa nauli ya Noah. Askari watakuja baadaye. Sisi tuliipiga Longido ya kwanza kwa vifuniko vya soda. Vyekundu Waingereza, vya rangi nyingine Wajerumani, na hakuna aliyetoa simu.

Fundi, yule seremala mwenye karakana, alitoa plaiwudi nzima, futi nane kwa nne. Sentimita moja tukaihesabu mita 20, kwa hiyo meza ina urefu wa karibu kilomita tano, inatosha mlima na njia ya kuufikia. Kibao kimoja chenye askari watatu wanne ni watu 50: Wapunjabi vibao 30, askari wa Kraut vibao 12, Wajerumani vibao viwili. Zamu moja ni saa moja. Hapa saa zetu za Kiswahili zilitubeba kweli. Pambano linaanza jua likichomoza, zamu ya kwanza inaisha saa moja, ya tano saa tano, ya kumi na mbili jua linazama na mchezo umekwisha. Hakuna anayeuliza tumefika wapi.

Nani aanze kusogea? Tunatumia karata. Kila kikosi kina karata yake, nyekundu kwa Mwingereza na nyeusi kwa Mjerumani, zinachanganywa na joka moja (ile karata ya joker). Ikitoka yako unacheza. Likitoka joka, saa imekwisha, na waliokuwa hawajaitwa wamekosa. Utamwona mtu mzima mwenye wajukuu ameshika kichwa kwa sababu kikosi chake bora hakijasogea tangu saa tatu. Lakini ndivyo amri zilivyokuwa zinachelewa mlimani, mjumbe anapotea, ofisa kauawa.

Kingine tulichokipenda ni moshi. (Wa bunduki, si mji wetu.) Kampuni nyingi za askari wa Mjerumani mwaka 1914 zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti ya zamani inayotoa wingu jeupe kila ukifyatua. Kwa hiyo kibao cha askari kikishapiga tunakibandika kipande cha pamba, na yeyote anayekiona anaruhusiwa kukilenga hata kama kiko kichakani. Shemeji alijifunza haraka sana kunyamaza.

Tukacheza mara tatu. Mara tatu Mwingereza kashinda. Mwalimu akawa hana raha, maana historia inasema vingine na yeye hapendi historia ipindishwe. Tukaongeza nguvu ya bunduki za mashine, tukapunguza mwendo wa kupanda mlima, bado 1,500 wanawazidi 686 kwa wingi tu.

Basi tukaenda Longido kwenyewe. Moshi hadi Arusha, pale tukapanda Noah ya Namanga, tukalala Longido mjini, tukamchukua kijana mwenyeji wa Kimaasai atuongoze. Tuliondoka alfajiri. Mlima unazidi mita 2,600, juu una msitu na ubaridi, lakini huku chini ni vumbi, miiba na mawe yanayoteleza. Tulikuwa na chupa mbili za maji kila mtu. Ilipofika saa tano za kwangu zilikuwa zimeisha, na mimi sikubeba bunduki, wala sikukesha natembea, wala hakuna aliyekuwa ananipiga risasi. Fundi alikaa juu ya jiwe akasema: "Hawa Wapunjabi walikunywa nini?"

Mwalimu alicheka peke yake, kisha akaeleza kitu alichokuwa amekiruka kwa kuona ni kidogo. Asubuhi ile wapanda farasi 60 wa Kijerumani waliuvizia msafara wa nyuma wa Waingereza na kuchukua nyumbu kama 100 waliobeba maji. (Nyumbu hapa si wa Serengeti. Ni yule anayezaliwa na punda na farasi, watu wa pwani humwita baghala.) Wapagazi wengine wakatupa mizigo na kukimbia. Kwa hiyo Wapunjabi walikaa mlimani siku nzima bila maji, wametawanyika, na usiku wakashuka. Sisi tulikuwa tumeweka mezani kila bunduki, tukasahau maji.

Tuliporudi tukaandika kanuni moja tu mpya. Kuanzia saa sita mchana, kikosi cha Mwingereza kisicho na baghala ndani ya sentimita 20 kinarusha dadu kila saa. Ikitoka 1 au 2, hakisongi mbele tena mpaka kinywe. Kinaweza kupiga, kinaweza kurudi nyuma, basi. Wale 60 wa farasi hawawekwi mezani. Shemeji anaandika kwenye karatasi watatokea wapi na saa ngapi, anampa mwamuzi. Mchezo ukabadilika kabisa. Anayecheza Mwingereza sasa lazima aache vibao vitano sita nyuma kulinda baghala, na vile vitano ndivyo anavyovililia juu. Tangu hapo tumepiga Longido mara saba, Mwingereza kashinda mbili.

Mwamuzi ni mimi, na nakwambia ukweli ndiyo nafasi tamu kuliko zote. Wala si uvumbuzi wetu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, dola la Kijerumani la enzi hizo, aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita wa ramani na dadu wa kufundishia maofisa, na mwamuzi alikuwamo: kila upande unampa amri, yeye ndiye anayejua yote, anawaambia kila mmoja kile tu ambacho angekiona kwa macho yake. Kama mko watatu, msigombanie upande wa tatu. Mmoja awe mwamuzi.

Kuhusu wapagazi ilibidi nijitazame. Nilikuwa na askari zaidi ya 150 waliopakwa rangi na sina mpagazi hata mmoja, wakati vita ile nzima huku kwetu ilibebwa kichwani na mgongoni mwa watu. Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Mwingereza, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Nikatengeneza 40, waya mwembamba kwa mwili, mbegu ya mpapai iliyokauka kwa mzigo. Sasa kila upande lazima uwe nao nyuma, na ukiwapoteza bunduki zako za mashine zinabaki zilipo. Katika kazi zangu zote hao ndio wageni huwaulizia kwanza.

Umegusia pia watu kusema ni utoto. Hilo halinisumbui, bao linachezwa na wazee na hakuna anayewacheka. Lililonisumbua ni mama yake Fundi, alipoingia karakana akauliza kwa nini tunachezea vifo vya watu. Sijapata jibu la kumridhisha, ila tuna mipaka. Mmoja wetu kwao ni Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, aliwapiga Wajerumani mwaka 1892, ofisa wao von Bülow akafa pale, na kwa mchezaji pambano lile lina kila kitu: miteremko, migomba, mifongo ya maji. Lakini Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga Meli pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake hadi leo unalitafuta fuvu lake lililoaminika kupelekwa Ujerumani. Mwenzetu alisema hilo haliwekwi kwenye plaiwudi. Hatukubishana.

Ya vifaa, haraka haraka. Askari wa plastiki waoshe kwa sabuni kwanza, la sivyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Kabla ya rangi wapake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, plastiki ile laini inashika vizuri. Rangi ni za maji za steshenari, nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano na bluu, kaki utaichanganya mwenyewe. Kilemba cha Mpunjabi ni uzi wa cherehani uliochovywa gundi na kuzungushwa kichwani mara sita saba. Nyasi ni katani ya kamba iliyokatwakatwa, vumbi la mbao unaliomba kwa seremala yeyote, mawe ya volkano yapo barabarani kwako. Wale Wafaransa wangu wa Waterloo niliwakata kofia kwa wembe, leo wengine ni askari wa Kraut. Ukipita soko la Memorial hapa Moshi kwenye mitumba ya midoli, chambua chini ya fungu, nimewahi kupata farasi 11.

Dadu za ludo zijaribu kabla hujaziamini. Moja yetu ilitupa sita mara 34 katika mitupo 120, wakati ilipaswa iwe 20 hivi. Shemeji ndiye aliyekuwa akiipenda.

Kwa sasa tunaandaa Tanga, na tumekwama. Waingereza karibu 8,000 dhidi ya kama 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kampuni nyingine zikishuka kwa treni kutoka hukuhuku Moshi, hayo tumeyaweza, treni inafika kwa karata. Tatizo ni nyuki. Risasi zilipasua mizinga yao na wakawavamia watu katikati ya pambano. Fundi anataka liwe joka la pili, likitoka nyuki wanamwangukia aliyepiga risasi nyingi zaidi saa hiyo. Shemeji anasema nyuki hawahesabu risasi, warushiwe dadu waende popote, hata kwa Mjerumani. Jumapili iliyopita tuliacha saa moja usiku bado wanabishana, na Mwalimu, ambaye kwao wanafuga nyuki, ameahidi kuja na kauli yake wiki hii.