Binti aanze na hasara yako

Msomaji ameniandikia: "Shangazi, binti yetu ana miaka 27 na ameanza kazi. Nataka kumnunulia kitabu cha kujifunza kuwekeza, maana vijana wa leo wanameza kila wanachokiona kwenye simu. Nimepata kile cha Benjamin Graham cha 1949, The Intelligent Investor, na kingine kinachoahidi utajiri ndani ya miezi sita. Mama yake anapinga, ati nimweleze kwanza yaliyonikuta. Nichukue kipi?"

Pole kwa mvutano, kaka. Ila mkeo yuko sahihi, nawe wajua. Barua yako ina kurasa mbili. Vijana na simu zao wamekula ukurasa mzima na nusu. "Yaliyonikuta" umeyapita mbio kama mdaiwa apitaye mlangoni kwa anayemdai. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe uliumwa, pesa zikapotea, na bado unataka kumfungia mwanao nyoka kwenye karatasi ya zawadi! Hicho cha miezi sita kirudishe leo.

Cha Graham ni kitabu cha heshima, lakini kinamtaka msomaji awe na uvumilivu na hesabu za makampuni. Binti atakwama mapema, na aibu itamzuia kukwambia.

Tafuta chembamba kinachoanza na kulipa madeni yenye riba kubwa, kisha akiba ya matumizi ya miezi 3 hadi 6, ndipo hisa, yaani kipande cha umiliki wa kampuni, na hatifungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni ikulipe riba. Angalia kimefuata sheria za kodi za nchi gani. Cha Marekani kitamsimulia akaunti za kustaafu ambazo asiyeishi huko hana pa kuzifungulia. Halafu tafuta neno "ada", yaani makato ya wanaokusimamia uwekezaji. Kitabu kilicho kimya kuhusu ada kiache hapo hapo. Mia moja ikikua kwa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 30 inafika kama 761. Ada ikila 2 katika hizo 7 kila mwaka, zikabaki 5, utakuta kama 432 tu. Kaeni na kikokotoo, abonyeze yeye, namba aione ikitoka mikononi mwake.

Na hili nawaambia wanandoa wote wa siku hizi: watoto wenu wanasikia ugomvi wa pesa kupitia ukutani, lakini hesabu yenyewe hawajawahi kuwekewa mezani. Baba anaficha hasara, mama anaficha akiba, kisha mnashangaa mtoto kutapeliwa mchana kweupe. Angejifunzia wapi?

Kwa hiyo, kaka, ukishapata kitabu, chukua kalamu. Kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo andika mwaka uliopoteza pesa, kiasi gani, nani alikushawishi na kwa maneno gani. Kisha mpe mama yake asome kabla ya binti. Akisema umepunguza, ongeza.