Kununua Datsun 240Z kwa mzee aliyeichukua ikiwa mpya: niliyoyaona mimi

Ndugu yangu wa Nakuru, swali lako nimelisoma vizuri. Mzee jirani yenu anauza Datsun 240Z ya 1972, lile gari la michezo la Nissan. Aliichukua ikiwa mpya, anasema haijawahi kupigwa rangi wala kubadilishwa injini, imelala gerejini kwake miaka kadhaa, na bei anayotaka inatosha kununua Prado. Wewe wauliza kama huo ni wazimu. Mimi ninayo moja ya mwaka huohuo. Niliitoa Nairobi kwa mzee mpimaji ardhi mstaafu nikaishusha Mombasa. Nitajibu kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Kwa ufupi: kama bati ni la kiwandani, nunua hata kama injini haiwaki. Kama bati limechezewa, ondoka hata kama injini inanguruma vizuri. Injini yake, L24, ni silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, na haina siri. Fundi aliyekulia kwenye Datsun za zamani ataifungua na kuifunga, na spea zake nyingi bado utazipata Marekani, Japani na Australia. Bodi ndiyo kesi. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama pikapu, bodi yenyewe ndiyo chasisi. Chini ya sakafu kuna mihimili ya bati iliyochomelewa, na kutu ikishaila, kila ukipiga jeki bati linabonyea na milango inaanza kusumbua kufunga. Hapo ndipo hela za watu zinapoishia.

Sasa, kuhusu mwenye gari wa kwanza. Wengi hudhani faida yake ni kwamba hatakudanganya. Ni kweli hatakudanganya, ila amesahau. Miaka hamsini si mchezo. Mzee wangu aliniapia kwamba rangi ile ni ya kiwandani kote. Nikachuchumaa nyuma ya gurudumu la kushoto, nikaulaza mwanga wa tochi ubavuni mwa paneli. Rangi ya mlango ilikuwa laini, lakini hapo nyuma ilikuwa na vijitundu kama ganda la chungwa. Nikapitisha sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa isikwaruze. Ikashika vizuri kote, maana yake puti, ile lipu ya kuziba mabonde ya bati, haikuwa nene. Ndipo nikauliza taratibu, "Mzee, hapa pamewahi kuguswa na mtu?" Akafikiri, akamwita mkewe. Mama ndiye aliyekumbuka: lori liliwakwaruza Ngong Road watoto wakiwa bado shule ya msingi, fundi akanyoosha na kupaka rangi kipande hicho. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye huo haukuwa ukarabati, ilikuwa ni kufuta mkwaruzo tu.

Kwa hiyo likague bati kwanza, hadithi uzisikilize baadaye. Ukianza na hadithi, macho yako yatakuwa yanatafuta kuzithibitisha.

Anza chini ya betri. Asidi ya miaka mingi hudondoka kwenye kibao chake, ikatoboa, ikateremka hadi kwenye mhimili wa chini. Mwombe mzee ruhusa uitoe betri, usiridhike na kuchungulia. Kisha inua zulia pande zote mbili za mbele na uguse sakafu kwa vidole. Kagua kizingiti chini ya mlango na ile kona ya bati iliyo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, maana maji hukwama hapo ndani na kutu huanza bila kuonekana. Mwisho, shimo la tairi la akiba na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma.

Kwenye gari langu, kilichonifanya nitoe hela kilikuwa kitu kidogo sana. Nilivuta polepole mpira wa mlango wa nyuma, ukingo wa bati ukafunuka. Vidoti vya kuchomelea vya kiwandani vilikuwa vyote hapo, mviringo, vimeachana kwa nafasi sawa, na rangi ileile ya nje imeingia mpaka kwenye mifereji yake. Fundi akishakata na kuchomelea upya, mstari ule haurudi ulivyokuwa. Nikaurudisha mpira, nikamwomba mzee maji ya kunywa, maana koo lilikuwa limenikauka.

Nambari nazo usiziruke. Kwa vile yenu ni ya usukani wa kulia, nambari ya chasisi ianze na HS30. Ukikuta HLS30, hiyo ilizaliwa na usukani wa kushoto, na mtu ana maelezo ya kutoa. Nambari hiyo imechongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na kabini, na iko pia kwenye kibati ndani ya boneti. Zote mbili zilingane na logibuku, yaani hati ya umiliki, tarakimu kwa tarakimu. Kwenye bloku ya injini tafuta L24 ikifuatwa na nambari. Magari mengi ya aina hii yametiwa L28 ya baadaye, na kwa macho ya kawaida injini hizo hufanana. L28 inakimbia vizuri tu, lakini basi mzee asiuze kwa bei ya gari lisiloguswa.

Kuna pia ugonjwa wa Safari. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 chini ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ya pili ikawa 240Z ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, safari hiyo akiwa na Lofty Drews. Magari ya timu ya kiwanda yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi. Tangu hapo kila 240Z nyekundu iliyopakwa boneti nyeusi na kufungwa taa kubwa mbele utaambiwa "ilikimbia Safari". Ukisikia hivyo, itikia kwa adabu kisha uombe karatasi. Mzee wangu hakudai hayo. Yeye alisimama kando ya barabara mwaka 1971, akayaona yakipita na vumbi lake, mwaka uliofuata akauza kiwanja akanunua lake. Mama mpaka leo anakitaja kile kiwanja.

Karatasi ndizo hasa unazomlipa mwenye gari wa kwanza. Mpimaji ardhi ni mpimaji ardhi: alikuwa na daftari zenye jalada gumu, na kila alipojaza petroli aliandika tarehe, odomita, lita na shilingi. Odomita za zamani zikifika mwisho hurudi sufuri, kwa hiyo namba iliyo kwenye dashibodi peke yake haikuambii kitu. Kwa daftari zile nilifuatilia maili mwaka hadi mwaka. Tena zilinionyesha jambo ambalo mzee hakulitaja, kwamba kuna kipindi kirefu ambapo hakuna hata tone la mafuta lililonunuliwa. Gari lilikuwa limesimama. Nilipomwuliza alisema, "Ah, wakati huo nilikuwa naumwa mgongo." Mzee wako akiwa hana daftari, omba risiti za gereji, stakabadhi ya kununulia, ufunguo wa pili, mfuko wa zana na vifuniko vya ringi. Vitu hivyo vidogo kuvipata leo ni tabu kuliko pistoni.

Dashibodi itazame vizuri. Jua hupasua plastiki yake juu, na yenye nyufa ndiyo ya kawaida. Isiyo na ufa ni ushahidi kwamba gari lililala kivulini kweli. Saa ikiwa haitembei, usijali, hazitembei.

Umesema imelala. Basi mpigie simu leo umwombe asimruhusu kijana yeyote aiwashe "ili mgeni asikie". Silinda zimekauka na tangi lina petroli iliyogeuka gundi. Fundi wangu alitoa plagi zote sita, akatia mafuta kidogo kila silinda, akaacha hadi kesho yake, kisha akaizungusha kwa spana kwenye puli ya krenki, kwa mkono. Ilipozunguka bila kukwama ndipo tukapumua. Tangi tulilishusha na kuliosha, paipu zote za mpira tukabadilisha. Breki, mbele diski na nyuma dramu, zifunguliwe zote, maana silinda ndogo za nyuma hukwama kwa kutu.

Swali moja muhimu ambalo watu hawaulizi: mzee alikuwa akitia nini kwenye radieta? Bloku ni chuma, lakini kichwa cha silinda ni aluminiamu. Maji ya bomba matupu kwa miaka mingi hukila kichwa kile kutoka ndani, na hutaona mpaka gasketi iende. Fungua kifuniko cha radieta, uchovye kidole. Kikitoka na tope la kahawia, tenga hela za kutengeneza kichwa cha silinda.

Kabureta ni mbili, za Hitachi za muundo wa SU, na wengi huziogopa bure. Kuzisawazisha nilikoona mimi kulihitaji kipande cha mpira tu. Fundi aliweka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, akasikiliza ule mvumo wa hewa, akahamia ya pili, akakaza skrubu kidogo, akarudi. Alifumba macho muda wote. Vibomba vya juu vya kabureta hizo vina mafuta mepesi ndani yake, vikikauka gari husitasita ukikanyaga ghafla, na watu hukimbilia kununua kabureta nyingine za bei mbaya. Zako za asili usiziuze.

Kwenye bei, jiandae kutajiwa dola 310,000. Ni kweli, Januari 2020 240Z ya 1971 iliuzwa kiasi hicho kwenye mnada wa mtandaoni Marekani, gari ambalo aina yake ilipoanza kuuzwa huko ilikuwa dola 3,526. Ila lile lilikuwa na maili elfu ishirini na kidogo tu. Wajukuu wameona namba hiyo kwenye simu wakampelekea babu. Mimi sikubishana. Nilimweleza mzee nilichokiona kwenye bati, kizuri na kibaya, nikataja ninachoweza, nikanyamaza. Alikuwa amewakataa waliokuja na kiasi kikubwa kuliko changu kwa sababu walitaka kuibomoa wafunge injini ya kisasa. Aliuliza nani ataiendesha na italala wapi. Pia kumbuka kanuni yetu ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka minane: huwezi kumtishia kwamba utaagiza nyingine Japani, naye anajua.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha gari linaonekana kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, kwa jina lake na kwa nambari zilezile. Magari ya enzi hizo, yenye nambari za kabla ya KAA, kumbukumbu zake wakati mwingine zimekosewa herufi au zina mapengo, na kurekebisha ni kazi ya mwenye gari, siyo yako. Mzee wangu hakuwa na akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mwanawe alikaa naye jioni moja wakamaliza. Andikishaneni kwa wakili, watoto wakubwa wawepo. Mzee akitangulia mbele za haki kabla ya uhamisho kukamilika, utakuwa unasubiri mirathi. Na bima uiulizie mapema. Kampuni moja ilinikatalia bima kubwa moja kwa moja kwa sababu ya umri wa gari, nyingine ikakubali baada ya ripoti ya mthamini.

Usiliendeshe kutoka hapo hata kama limewaka. Langu lilishuka Mombasa juu ya lori. Na huku pwani likaanza kupiga chafya kwenye kabureta, kwa sababu lilikuwa limesetiwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi, mafuta yamebanwa. Hewa ya usawa wa bahari ni nzito, ikahitaji mafuta zaidi. Kugeuza nati chini ya kila kabureta kulitosha. Chumvi ndiyo adui asiyelala. Yangu inakaa ndani, mbali na ufuo, na nikitoka nayo jioni naiosha chini kwa maji baridi. Nakuru hamna shida hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kuamini kwamba bati la mzee wako linaweza kuwa zima.

Rangi ikiwa imefifia lakini ni ya asili, iache. Isugue kwa polishi ya mkono uone inarudi kiasi gani. Gari likishapakwa rangi mpya, mnunuzi anayejua ataanza kujiuliza kilichofichwa chini yake, kama wewe unavyojiuliza sasa.

Ukienda Jumamosi, nitumie picha nne: chini ya betri ikiwa imetolewa, sakafu bila zulia pande zote mbili, ukingo wa bati chini ya mpira wa mlango wa nyuma, na ile nambari iliyochongwa ukutani. Tarakimu tatu za mwisho zifunike. Na mpigie salamu mama wa nyumba kabla hujaliangalia gari, yeye ndiye atakayekuambia lini liligongwa.