Mdomo mweupe, chuchu inayoungua: amoksi haina kazi hapa

Swali: Mama mkunga, jambo. Mtoto wangu ana wiki tano. Nilizaa kwa opereshoni na nikapewa antibiotiki. Tangu wiki iliyopita ana weupe mdomoni, ananyonya kidogo halafu anaachilia ziwa akilia. Famasi ya karibu na kwetu walinipa amoksi ya maji ya mtoto. Mimi waliniambia nifungue kapsuli ya tetra nipake unga wake kwenye chuchu, maana zinaniwasha kama pilipili hata akishamaliza kunyonya. Siku ya tatu sasa, na weupe umeongezeka. Mama mkwe anasema maziwa yangu yameharibika, nimwachishe kwanza nimpe ya kopo. Nifanye nini? (Mama wa mtoto wa kwanza, Kadutu, Bukavu)

Jibu: Jambo mama. Pole kwa maumivu na kwa usiku unaokesha. Tuanze na ile chupa ya amoksi. Kama hakuna daktari aliyempima mtoto akaiandika kwa ajili ya ugonjwa mwingine, usimpe tena. Unga wa tetra nao uoshe kwa maji safi na usiurudishe kwenye chuchu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mtoto wako ana kandida, kuvu ile ambayo hapa kwetu tunaiita shampinyo. Kila wiki naona mama aliyepewa antibiotiki kwa sababu ya shampinyo, na kila mara ninaumia, kwa kuwa dawa hiyo haikosi tu kuponya: inaongeza ugonjwa. Amoksi hubomoa ukuta wa bakteria. Kandida si bakteria na haina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo amoksi haiigusi kabisa. Inaowaua ni bakteria wazuri wa mdomoni na tumboni, wale wanaoishi humo kila siku wakiizuia kandida isipate nafasi. Wakishaondolewa, kandida inatanda. Ndiyo sababu umeona weupe ukiongezeka siku ya tatu. Ukirudi kulalamika utaambiwa dawa ilikuwa nyepesi, utauziwa nyingine yenye nguvu zaidi, na mdomo utazidi kuwa mweupe.

Antibiotiki uliyopewa wakati wa opereshoni ilikuwa na haki yake. Inakinga kidonda na tumbo la uzazi, na wala usijilaumu kwa kuikubali. Lakini inawezekana hapo ndipo shampinyo ilipopatia mlango, kwako au kwa mtoto. Kumwongezea mtoto wa wiki tano antibiotiki nyingine bila kumpima ni kuufungua mlango huohuo zaidi.

Kuhusu tetra, yaani tetrasiklini, ninasema kwa ukali. Unga unaopaka kwenye chuchu unaingia mdomoni mwa mtoto anaponyonya. Tetrasiklini hushikamana na mifupa na meno yanayokua, na meno hayo huota yakiwa na rangi ya njano au kahawia isiyofutika. Ndiyo maana hatuitumii ovyo kwa mtoto aliye chini ya miaka minane. Aliyekushauri upake anajua kuuza kapsuli, hajui kapsuli inafanya nini. Unga huo pia hukausha ngozi iliyokwisha kuchunika, chuchu inapasuka, na sasa una vidonda viwili mahali pa kimoja.

Sasa tuhakikishe ugonjwa wenyewe. Osha mikono, umwangalie mtoto kwenye mwanga. Weupe ukiwa juu ya ulimi tu, mwembamba, na unapungua muda fulani baada ya kunyonya, mara nyingi ni maziwa na hauhitaji dawa. Ukiwa kwenye mashavu ya ndani, kwenye ufizi na ndani ya midomo, umeshikamana na hautoki kwa kupanguswa kidogo, hiyo ni shampinyo. Usiukwangue. Najua bibi wengi hufunga kitambaa kwenye kidole, wanachovya chumvi na kusugua mpaka mtoto atoe damu. Chini ya ule weupe kuna nyama mbichi. Ukiisugua unamwachia mtoto jeraha, na kesho atalikataa ziwa kabisa. Asali pia usimpake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja halambi asali, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaolegeza misuli yote ya mwili, hata ile ya kupumulia.

Upande wako, kuungua kunakoendelea baada ya kunyonyesha, kwenye maziwa yote mawili, pamoja na ngozi ya chuchu inayong'aa au kubanduka na kuwasha, kunafanana na shampinyo. Hata hivyo nataka mtu aziangalie chuchu zako kwa macho, kwa sababu si kila maumivu ya chuchu ni shampinyo. Maumivu yakikupata zaidi mtoto anapoanza kuvuta, na chuchu ikitoka mdomoni mwake imebanwa upande mmoja, kosa liko kwenye namna anavyolishika ziwa, na hakuna pomada itakayolirekebisha. Lazima mkunga akae nawe amweke mtoto upya, mdomo wazi, ashike na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Kwa baridi ya jioni ya Bukavu, wapo pia akina mama ambao chuchu huwa nyeupe na kuuma baada ya kunyonyesha kwa sababu mishipa ya damu imejibana. Hao wanahitaji joto. Na ziwa moja likiwa gumu, jekundu, la moto, nawe una homa na mwili unauma, huo ni uvimbe wa ziwa. Huo unaweza kuhitaji antibiotiki kweli, lakini ni ile ambayo daktari au muuguzi ameichagua baada ya kukupima.

Ikiwa ni shampinyo, mnatibiwa wawili pamoja, siku ileile mnaanza. Ukimtibu mtoto peke yake, atairudisha kutoka kwenye chuchu. Ukijitibu peke yako, utaipokea tena kutoka mdomoni mwake.

Kwa mtoto tunatumia nistatini ya maji, ile ya yuniti 100,000 kwa mililita moja. Kipimo cha kawaida ni mililita moja mara nne kwa siku, nusu shavu la kulia na nusu shavu la kushoto. Na hapa ndipo wengi wanapopotea, kisha wanasema nistatini haifai. Dawa hii karibu haiingii katika damu. Inaua kandida kwa kuigusa tu, kwa hiyo inatakiwa ikae mdomoni. Tikisa chupa, mpe baada ya kunyonya na si kabla, na ipake kwa kidole safi mahali penye weupe. Usiichanganye na maziwa kwenye biberoni, ile chupa ya kunyonyea, wala usiimimine kooni kwa mara moja: atameza, na mdomo utabaki vilevile. Endelea siku saba, na kama weupe umechelewa kutoka, hesabu siku mbili zaidi baada ya kupotea. Mama wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa mdomo umeonekana safi. Kandida bado ipo, macho tu ndiyo hayaioni.

Wewe paka krimu ya mikonazoli ya asilimia 2 kwenye chuchu, kidogo tu, kila baada ya kunyonyesha. Kabla ya kumrudisha mtoto, pangusa kwa upole ile inayoonekana bado. Mikonazoli ya jeli ya mdomoni, hiyo nzito, sitaki uitumie kwa mtoto wa umri huu, kwa kuwa inaweza kumkwama kooni. Maumivu yakiendelea ingawa krimu imetumika vizuri, daktari anaweza kukuandikia flukonazoli ya kumeza, naye ndiye atakayepanga kipimo na siku. Kama unawashwa ukeni, sema bila aibu, na huko patibiwe.

Vyole, ile dawa ya zambarau, nimeitumia kama wenzangu wote, kwani mwongozo wa PCIME, ule wa kutibu magonjwa ya watoto, ulitufundisha kupaka ile ya asilimia 0.25. Lakini ile inayouzwa kwenye vichupa mara nyingi ni kali kuliko hiyo na inachoma mdomo wa mtoto. Tena mwaka 2019 wakuu wa afya wa Canada waliwaonya akina mama wasiipake kwenye chuchu, kwa sababu ya hofu ya saratani. Nistatini ikipatikana, chagua nistatini.

Usafi tuseme kwa kifupi: mikono kwa sabuni kabla na baada, titina (chuchu ya mpira) na biberoni vichemshwe kila siku, sidiria ifuliwe kwa maji ya moto na ianikwe juani, na kitambaa kilicholowa maziwa kisikae kifuani.

Sasa mama mkwe. Mjibu kwa heshima, lakini usimwachishe mtoto. Maziwa hayaharibiki ndani ya ziwa. Kandida iko kwenye ngozi na mdomoni, na hata mkiwa mnatibiwa, maziwa yako ndiyo chakula chake pekee mpaka atimize miezi sita. Ukimpumzisha siku kadhaa, ziwa litajaa, litavimba, maziwa yatapungua, nawe utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili. Na maziwa ya kopo yanataka maji safi. Unajua mwenyewe jinsi bomba linavyokatika Kadutu, na unajua kipindupindu kinavyozunguka kandokando ya Kivu. Mtoto wa wiki tano mwenye shampinyo ananyonya na anapona. Mtoto wa wiki tano mwenye kuhara kwa sababu ya biberoni chafu, huyo ndiye anayenikosesha usingizi. Maumivu yakikuzidi, kamua kwa mkono kwenye kikombe safi umpe kwa kijiko, na mtoto akilia kwa njaa, anza kumpa ziwa lisilouma sana.

Lakini shida hii si ya Kadutu peke yake, ninaiona mjini mzima. Mtoto analikataa ziwa kwa sababu mdomo unamuuma, na badala ya kumfungua mdomo na kumwangalia, familia inampeleka kwa mkata kilimi. Anakatwa kwa wembe, anapoteza damu, anabaki na kidonda kooni, na shampinyo iko palepale. Wengine huuziwa pomada ya mchanganyiko, yenye dawa ya kuvu, antibiotiki na kortizoni ndani yake, hiyohiyo ambayo wengine wanapaka ili kujichubua. Kortizoni inatuliza mwasho siku mbili tatu, mama anasifu, anarudi kununua. Kumbe imeilaza kinga ya ngozi na kuvu inasambaa chini yake; siku anapoacha, inatoka na nguvu mpya, na mtoto amekwisha kulamba pomada hiyo wiki nzima. Wengine wanapewa vidonge vya ketokonazoli, dawa nyingine ya kuvu. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walipendekeza isimamishwe, na wale wa Marekani wakaibana sana, kwa sababu inaumiza ini. Mama anayenyonyesha hana sababu ya kuimeza kwa shampinyo ya chuchu. Tena nashangaa kuona inauzwa kwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi, kwenye meza iliyo juani.

Mtu anayeuza dawa bila kukuuliza umri wa mtoto na uzito wake, bila kumtazama mdomo, hajui anachouza. Usimpe fedha yako.

Mpeleke mtoto kituo cha afya leo, apimwe uzito na aangaliwe anavyonyonya. Akikataa kunyonya kabisa, akiwa na homa au mwili wa baridi, akilegea, akikojoa kidogo kuliko kawaida, au akipumua kwa shida, usingoje kesho: mtoto aliye chini ya miezi miwili na dalili hizo anaingia hospitali siku hiyohiyo. Shampinyo ya wiki za mwanzo ni ya kawaida. Lakini ikirudi baada ya tiba kamili, sisi huomba mama apimwe sukari na VVU kama hajapima karibuni. Mama anayekunywa dawa za ARV aendelee nazo, na akiona chuchu imepasuka au mdomo wa mtoto una weupe, aje mara moja bila kungoja siku ya CPS, ile kliniki ya kupima watoto.

Ukienda, chukua chupa zote ulizokwisha kununua, pamoja na kapsuli zilizobaki. Muuguzi akiziona atajua mtoto amekunywa nini na kwa siku ngapi.