Kwenda Bagamoyo na kundi kwa baiskeli

Kaka, umeuliza namna ya kupeleka watu 20 Bagamoyo bila kundi kukatika. Kutoka Mwenge, Dar es Salaam, ni kama kilomita 60, na safari nyingi huharibikia kwenye mwendo. Anayepanga mwendo awe yule mwenye kasi ndogo kuliko wote, mwenye nguvu akae nyuma kabisa na pampu, tyubu za akiba na viraka, na asimpite mtu hata kwa dakika moja. Njiani simameni mkusanyike Tegeta, Bunju, kisha Mapinga. Yeyote asiondoke kabla wa mwisho hajafika na kunywa maji, maana ukiondoka anapofika tu, yeye hajapumzika kabisa.

Ondokeni saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya malori na jua.

Cha kuangalia zaidi ni kurudi. Miezi ya kusi, yaani upepo utokao kusini, upepo unawasukuma mkienda, halafu unawapiga usoni mkirudi, miguu imeshachoka. Rudini kwa mstari mmoja mkipokezana mbele, au mkodi kabisa pikap ya kubeba baiskeli za wageni, wale wasiozoea safari ndefu. Mimi kwa wageni ningekodi, tena bila kusita.