Kwa mnaoanza benki ya damu: tyubu zikigombana usiwe na haraka ya kuamua

Wadogo zangu mlioingia intani mwezi huu, karibuni. Nimekaa benki ya damu miaka kadhaa sasa, nilianzia Arusha nikaja huku Moshi, na kila wanapoingia wapya najikuta naongea mambo yaleyale mpaka sauti inakauka, bora niyaandike.

Kupima grupu mmefundishwa chuoni na mnajua. Anti-A ya bluu, anti-B ya njano, anti-D ya kujua chanya au hasi haina rangi, ni dawa zenye antibodi, yaani askari wa damu wanaoshika seli ngeni, unachanganya na seli za mgonjwa unaangalia seli zimeshikana wapi. Hiyo ndo fowadi. Halafu rivasi, unachukua plazima ya mgonjwa, yale maji ya damu yake, unaiwekea seli za A na seli za B ambazo unazijua. Sasa hapa ndo watu wanachokosea, wanaona rivasi ni usumbufu, fowadi imeshasema A kwa nini nihangaike tena? Dogo, rivasi ni shahidi wa pili. Mtu wa A lazima plazima yake ishike seli za B na iache za A. Shahidi wa kwanza akisema A na wa pili akasema vingine, jua kuna kitu, na usitoe majibu mpaka umekijua. Isipokuwa kitoto kichanga, huyo hadi miezi minne hivi antibodi zake mwenyewe bado, kwa hiyo rivasi yake haikusaidii.

Nipe mfano wa baridi, maana huku kwetu ni muhimu kuliko wanavyoandika vitabu vya watu wa joto. Julai asubuhi, ukungu umefunika mlima, maabara kama friji, inakuja sampo fowadi inasoma AB, rivasi inasoma O. Yaani kila tyubu imeshika! Mara ya kwanza nilidhani kemikali zimeharibika nikafungua chupa mpya, vilevile. Mzee mmoja wa maabara akaniambia chukua seli zake mwenyewe weka na plazima yake mwenyewe, nikaweka, zikashikana. Mtu anashika seli zake mwenyewe? Ni antibodi za baridi hizo. Tukaosha seli kwa selaini ya joto la 37, plazima nayo tukaipasha, tukarudia kila kitu kikiwa cha moto, mgonjwa akatokea O, safi kabisa. Ningetoa AB siku ile sijui leo ningekuwa naandika nini.

Na kwenye kigae msisubiri mpaka tone likauke, zaidi ya dakika mbili pembeni panaanza kukauka panafanana na kushikana. Jingine, kwenye tyubu usitafute vipande tu, angalia na maji ya juu. Yakiwa mekundu baada ya kuzungusha wakati mwanzo hayakuwa hivyo, seli zimepasuka, na kupasuka ni majibu chanya. Nimeshaona mtu anaandika hasi na tyubu imekuwa kama juisi ya rozela.

Haya, krosimachi, kuangalia kama damu ya mfuko inaafikiana na ya mgonjwa. Damu inakuja kutoka Damu Salama, mpango wa taifa wa damu, kituo cha Kanda ya Kaskazini kipo hapahapa Moshi, imeshapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, mfuko una lebo ya grupu. Bado unaurudia kupima grupu, lebo ni karatasi. Halafu unaweka plazima ya mgonjwa na seli za mfuko, unasoma hatua ya kwanza, unapeleka kwenye joto la 37, unaosha, unaweka dawa ya Coombs, ile inayoshikanisha seli zilizovaa antibodi. Kwenye kuosha ndo uvivu unaua. Ni mara tatu angalau, tyubu ijae selaini, umwage yote, maana plazima kidogo ikibaki antibodi zilizomo zinaimaliza dawa ya Coombs kabla haijafika kwenye seli, unapata hasi nzuri sana ya uongo. Ndo maana kila tyubu iliyosoma hasi unaidondoshea zile seli za kuhakiki ambazo tayari zimevalishwa antibodi. Zikishikana, dawa ilikuwepo, hasi yako ni ya kweli. Zisiposhikana, hujapima kitu, rudi mwanzo. Mimi nikiwa mpya niliziruka wiki nzima kwa sababu zilikuwa zinapunguza muda wa chai, siku msimamizi aliponisimamia nikaziweka, tyubu tatu kati ya nne hazikushika. Nilitaka ardhi inimeze.

Ila msidhani krosimachi inakamata kila kitu. Ukikosea D ukampa dada wa D hasi mfuko wa D chanya, na hajawahi kutengeneza anti-D, krosimachi itakuambia inaafiki kabisa. Atatengeneza baadaye, na mimba yake ijayo ndo italipa. Kwa hiyo D isomeni kwa makini, wenye D hasi kwetu ni wachache lakini wapo.

Ndugu wa wagonjwa nao watakuja, "mimi ni O, O ni ya wote, nitoeni nimpe mdogo wangu sasa hivi". Waelezeni kwa upole. Kwanza damu hiyo haijapimwa magonjwa, pili O nzima ina plazima yenye anti-A na anti-B, inayotolewa kwa dharura kwa mtu usiyejua grupu lake ni seli za O plazima imeondolewa.

Sasa hili ndo linaloninyima usingizi. Usiku, mama ametoka kujifungua anavuja damu, sampo inakuja nasoma A, fowadi na rivasi zinakubaliana vizuri tu. Nikafungua daftari, miaka miwili nyuma huyohuyo kaandikwa B. Tyubu hazikugombana zenyewe kwa zenyewe, ziligombana na daftari. Daktari yuko kwenye simu anafoka, ana haki ya kufoka, mgonjwa wake anaisha. Nikamwambia nakupa seli za O sasa hivi na naomba sampo nyingine, mtu mmoja aitoe, amuulize mama jina lake, aandike lebo palepale kitandani. Ikaja, B. Kumbe sista alitoa damu kwa mama wawili akaenda kuandika lebo mezani. Anti-A ya mtu wa B ikikutana na mfuko wa A inaanza kupasua seli dakika zilezile, mgonjwa anatetemeka, mgongo unauma, mkojo unakuwa kama kokakola.

Wakikupigia wodini kwamba mgonjwa wa dripu ya damu anatetemeka, waambie wafunge damu, mshipa waache wazi na selaini, wakuletee mfuko wenyewe na mrija wake pamoja na sampo mpya. Wewe anza na majina, linganisha fomu, lebo na daftari kabla hujagusa tyubu. Na kile kipande cha mpira wa mfuko pamoja na sampo ya zamani ya mgonjwa, msitupe hata mkiambiwa friji imejaa. Siku saba baada ya kuongezewa, pale nyuma kwenye rafu ya chini.