Wahitimu wapya wa sanaa wasisubiri kualikwa

Ndugu, umeuliza kama wahitimu wapya wa chuo cha sanaa wasubiri kualikwa na nyumba ya sanaa ndipo waonyeshe kazi zao. Kwa maoni yangu, wasisubiri. Mwaka 1988 Damien Hirst, msanii Mwingereza aliyekuja kuwa maarufu, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Goldsmiths, aliandaa na wenzake maonyesho ya Freeze katika jengo tupu la bandari jijini London, wakachapisha katalogi nadhifu na kuwafuata wao wenyewe watu wenye sauti katika sanaa ili waje kutazama; Charles Saatchi, mnunuzi na mkusanyaji mkubwa wa kazi za sanaa, alifika. Nalisisitiza hilo la kualika, kwa kuwa vijana wengi humaliza nguvu zote katika kutundika picha, wageni wakakumbukwa siku ya mwisho. Kazi ziwe chache, zilizokomaa, na bei ziandikwe wazi.