Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kuingia kwenye ofisi za uhasibu na ukaguzi, mwaka jana nilipongezwa kuliko miaka yangu yote ya kazi. Nilitoka kampuni ya ukaguzi Dar es Salaam nikaenda kuwa mhasibu wa mradi Dodoma, nikamaliza mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma, na mwezi wa kumi nikajifungua mtoto wetu wa kwanza. Kwenye makundi ya WhatsApp ilikuwa hongera juu ya hongera. Hakuna aliyeuliza kodi ya nyumba mpya ilitoka wapi kabla ya mshahara wa kwanza kuingia, wala kama likizo ya uzazi ingelipwa na mwajiri ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimeripoti kwake. Nataka niseme hayo, kwa kuwa wengi niliowaona wakiyumba baada ya kuhama hawakushindwa na kazi mpya. Walishindwa na miezi ile ya kati, kazi moja imeisha na nyingine haijakaa sawa.

Tuanze na mshahara, maana ndiko macho yanakotua kwanza. Tuseme unalipwa laki nane, na umeitwa mahali wanakotaka kukupa milioni moja na nusu. Kichwani umeshaongezwa laki saba. Sasa chukua kalamu. Nachukulia hela yote ni mshahara wa msingi, uko Tanzania Bara, na ulisoma kwa mkopo kama wengi wetu.

Kwenye laki nane, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10 yako, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kukatwa kodi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, haigusi 270,000 za mwanzo. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi milioni moja ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30. Kodi yako inakuja 60,000. Bodi ya Mikopo wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000. Mkononi unabaki na 540,000.

Kwenye milioni na nusu, NSSF ni 150,000. Kodi inapigwa kwenye 1,350,000 na inafika 233,000, kwa sababu sasa umeingia kwenye lile fungu la asilimia 30. Bodi ya Mikopo 225,000. Mkononi: 892,000.

Kwa hiyo laki saba uliyoahidiwa imekuwa 352,000. Sisemi ni hela ndogo, na makato ya NSSF ni akiba yako mwenyewe. Nasema tu kwamba ukipanga maisha kwa laki saba halafu ikaja hiyo, nusu ya mipango yako imekufa kabla hujaripoti. Mimi nilikuta ofa yangu inavutia kwenye barua na ya kawaida kwenye karatasi ya hesabu. Nilikubali kwa sababu nyingine: nilichoka kukagua vitabu vya watu na nilitaka kuviandika mwenyewe. Hiyo nayo ni sababu halali, ili mradi unajua ndiyo uliyoitumia.

Uliza pia, kabla ya kusaini, kiasi gani ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho. Bodi ya Mikopo wanahesabu kwenye msingi, na siku utakapolipwa mafao fulani ya kazi yatahesabiwa kwenye msingi huohuo. Mshahara wenye msingi mdogo na posho nyingi unapendeza ukiwa unaanza na unauma ukiwa unaondoka.

Sasa hiyo miezi ya kati. Mwajiri wa zamani ana utaratibu wake: mshahara wa mwisho na malipo ya likizo ambayo hujaitumia vinasubiri ukabidhi ofisi, na fomu ya makabidhiano inasubiri sahihi za watu ambao mmoja wao yuko safari. Mwajiri mpya naye ana siku yake ya kufunga orodha ya mishahara. Ukiripoti tarehe 1 utaingia mwezi huo. Ukiripoti tarehe 18, kuna ofisi zitakwambia subiri mwezi ujao. Huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka ya kwake ya mwezi mmoja, na gari la kubeba vitu haliendi kwa ahadi. Mkienda Dodoma, msiende kutafuta nyumba wakati wa Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni. Gesti zinajaa, bei zinapanda, na madalali wa Area C na Ilazo hawana muda na mtu mwenye bajeti ya mwanafunzi.

Mume wangu alibaki Dar kwa kazi yake, kwa hiyo tulikuwa na nyumba mbili na majiko mawili. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, ndiyo iliyofanya jambo hilo liwezekane. Ningekuwa nategemea basi, ambalo linakula siku nzima, nisingekubali ile kazi. Lakini nauli ya kila wiki ni bili kama bili nyingine. Iwekeni kwenye hesabu mapema, msiite ya dharura.

Ushauri wangu, na hapa sibembelezi: usiandike barua ya kuacha kazi bila kuwa na gharama za maisha za miezi mitatu, na hiyo ni nje ya kodi ya nyumba. Na usitegemee NSSF kuziba hilo pengo. Fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Nimekutana na vijana walioacha kazi Ijumaa na kwenda NSSF Jumatatu wakidhani kuna kitu chao pale.

Tukiwa hapohapo NSSF: namba yako ya uanachama ni moja, unahama nayo. Usikubali kufunguliwa nyingine. Na kabla hujaondoka, angalia taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi. Mwajiri wangu wa kwanza kabisa, ambaye sina haja ya kumtaja, alikuwa anakata kwenye mshahara, slipu inaonyesha, ila baadhi ya miezi haikuwa imefika. Ukiligundua ukiwa bado mfanyakazi unaenda tu kwa mhasibu mwenzako kuuliza. Ukiligundua miaka mitano baadaye unabaki na slipu zako, kama ulizitunza.

Hili linalofuata ni la wanawake hasa, ila wanaume msiruke. Nilipopata ofa nilikuwa mjamzito, mapema sana, na hakuna aliyejua zaidi ya mume wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wengi tunaishia kusoma hapo. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana haki ya likizo yenye malipo. Yaani ukihama kazi ukiwa na mimba ya miezi mitano, unaweza kukuta siku zako 84 hazina mshahara, na hakuna aliyekuonea.

Nilichofanya ni kuhesabu. Kuripoti mwanzoni mwa Machi na kutarajia kujifungua Oktoba kulinipa miezi saba. Kuripoti Mei, kama walivyopendekeza wao mwanzoni, kungeniacha chini ya sita. Nikaomba Machi. Nilisema niko tayari mapema, na ilikuwa kweli. Je, nilipaswa kuwaambia kwenye usaili? Marafiki zangu wawili walinigombeza kwa kutosema, na mpaka leo hatujakubaliana. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, kwa hiyo halikuwa jambo la kuamulia ajira yangu, na jambo lisilotakiwa kuamulia ajira sioni kwa nini liwekwe mezani siku ya usaili. Taarifa unayodaiwa kisheria ni ya angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Niliitoa mwezi wa sita kwa maandishi, na nilikabidhi pamoja na mpango wa nani atafunga vitabu vya Oktoba hadi Desemba. Ule mpango ndio ulioondoa kununa. Bosi hanuni kwa sababu ya mtoto, ananuna kwa sababu ya ripoti ya mfadhili.

Ukirudi kazini na unanyonyesha, una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Itumieni. Nimeona dada zetu wanaona aibu kuiomba halafu mtoto anahamia kwenye maziwa ya kopo kabla ya wakati. Baba naye ana siku 3, na anatakiwa azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3! Kwa baba anayesafiri kutoka mkoa mwingine hapo kuna kufika, kumbeba mtoto, na kukata tiketi ya kurudi.

Kuhusu mitihani nitakuwa mfupi. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi inayosimamia CPA, misimu yao mikuu ya mitihani ni Mei na Novemba. Novemba nisingeweza, kwa hiyo ilikuwa Mei au mwaka mwingine. Tarehe za mtihani nilizitaja wakati wa kujadili mkataba, kabla ya kusaini, na zikaandikwa. Ukiziomba ukiwa tayari kwenye kipindi cha majaribio unaonekana umekuja kazini kusoma. Kumbukeni pia kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimfikii mtu ambaye hajamaliza miezi sita kwa mwajiri wake. Miezi hiyo fanya kazi, soma usiku, na kama ofisi ina ugomvi wao wa siku nyingi, usiwe na upande.

Kazi yenyewe ilinishangaza. Miaka yote nilikuwa naandika hoja za ukaguzi: vocha haina kiambatisho, malipo hayana risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), masurufu (fedha anazopewa mtu kabla ya safari ya kazi) hayajarejeshwa kwa wakati. Kwa mkaguzi hayo ni mistari mitatu na saini. Nilipohamia upande wa pili nikakuta masurufu yale yana mtu nyuma yake, ofisa aliyeenda kijiji ambako muuzaji wa chai na maandazi hajawahi kuiona mashine ya EFD, na amerudi na karatasi ya daftari yenye dole gumba. Unamrudisha? Unamkata mshahara? Nilijifunza kukaa na maofisa kabla hawajasafiri, tukakubaliana kipi kitanunuliwa mjini chenye risiti na kipi kitaandikiwa hati ya kukiri malipo yenye jina, namba ya simu na saini ya mtendaji wa kijiji. Hoja zikapungua. Ninyi mnaoanza na ukaguzi, ukipata nafasi ya kukaa upande huu hata kwa mwaka mmoja, kaa. Utarudi ukiandika hoja chache na zenye maana.

Ndugu nao watasikia. Ukihama, habari inayofika nyumbani ni kwamba "amepata kazi kubwa Dodoma", na kadi za michango ya harusi zitafuata njia hiyohiyo. Mimi niliwaambia wazazi kiasi kinachobaki mkononi, siyo kilichoandikwa kwenye barua, na mama akawa ndiye mlinzi wangu. Wapo wanaoona si heshima kumwambia mzazi mshahara. Mimi naona mzazi asiyejua ndiye anayekuahidia kwenye vikao.

La mwisho ni namna ya kuondoka. Sheria inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila soma mkataba wako, unaweza kudai zaidi. Omba cheti cha utumishi. Ni haki yako kupewa unapoondoka, na kinapatikana kirahisi wiki ya mwisho kuliko mwaka unaofuata. Nilitoa notisi mwishoni mwa Januari, yaani mwanzoni mwa msimu, wakati kampuni zinazofunga mwaka Desemba zinaanza kukaguliwa ili ziwahi ritani za kodi za Juni. Bosi wangu hakufurahi na hakuficha. Nilifanya kazi siku zote za notisi, nikaandika orodha ya makabidhiano ya kila mteja: kazi imefika wapi, nini hakijaletwa, faili liko wapi, nani wa kupigiwa. Tukaisaini wote wawili, nikaipiga picha.

Mwezi wa nane, matokeo yameshatoka, nilitakiwa kuthibitisha uzoefu wangu wa kazi kwa ajili ya usajili wa CPA. Sehemu kubwa ya uzoefu huo ilikuwa chini ya bosi yule, kwa hiyo nilipanda treni na tumbo langu nikaenda kuomba sahihi yake. Alisaini. Ila kabla hajasaini aliuliza faili la kiwanda kimoja liliwekwa kabati gani, maana walikuwa wanalitafuta tangu Juni. Nikafungua simu nikamsomea.